Mkimbizi na Plazma

Baba ameleta nyumbani kwetu Area 49 televisheni bapa, ile ambayo mtaani wote huiita plazma. Usiku wa kwanza tulitazama mpira, na majani ya uwanja karibu yahesabike. Asubuhi jirani akauliza, "Mkimbizi, anasa ya nini?"

Swali hilo silikubali. Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, kabla sijazaliwa. Mwaka 2023 wakimbizi wa mijini waliamriwa warudi huko. Je, miaka yote hiyo tuketi juu ya mabegi? Baba aliuza mchele na sabuni miaka sita ndipo akainunua. Anayemkataza mkimbizi kununua kitu kisichoingia begini hamwonei huruma. Anamtaka awe tayari kufukuzwa. Sisi tumeifunga ukutani kwa skrubu nne.