Anayeuguza nyumbani naye afundishwe



Naomba nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ninaloliona hapa kijijini karibu kila siku, lakini sijasikia likizungumzwa na wahusika. Nalo ni hali ya ndugu wanaobaki na mgonjwa baada ya mgonjwa huyo kutolewa katika chumba cha wagonjwa mahututi na kurudishwa nyumbani.

Wananchi wengi wanakumbuka kwamba mwezi Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19. Sisi walimu tunaukumbuka zaidi kwa sababu ya vyumba 15,000 vya madarasa. Lakini fedha hizo hizo zilijenga pia vyumba vya wagonjwa mahututi na majengo ya huduma za dharura katika hospitali zetu. Hilo ni jambo la kushukuru. Mtu aliyevunjwa na gari, au mama aliyepata kifafa cha mimba, ambaye zamani tungekwenda kumzika, leo anaweza kurudi nyumbani akiwa hai. Swali langu ni hili: anarudi mikononi mwa nani?

Nitoe mfano wa nyumbani kwetu. Kaka yangu alianguka na bodaboda akiwa abiria, akaumia kichwa na mbavu. Alilazwa katika chumba cha mahututi siku 19, na kati ya hizo siku 11 alipumua kwa mashine. Kisha akakaa wodini wiki mbili. Matibabu yenyewe sina neno nayo, maana walimwokoa, na jina la hospitali sina haja ya kulitaja. Malalamiko yangu ni juu ya siku aliyoruhusiwa. Shemeji yangu, yaani mke wa kaka, alikabidhiwa mfuko wa dawa, mgonjwa mwenye mpira wa kulishia uliopita puani, na karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiingereza, tena kwa mwandiko ule wa madaktari tunaoujua sote. Akaambiwa amrudishe kliniki baada ya mwezi mmoja. Shemeji aliishia darasa la saba. Mimi niliyekaa chuo cha ualimu miaka miwili niliisoma ile karatasi nikaambulia nusu yake.

Hivi karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya nani? Nitajibiwa kwamba ni kwa ajili ya daktari wa kliniki. Sawa, lakini daktari wa kliniki atamwona mgonjwa kwa dakika chache baada ya siku 30, na zile siku 30 zote mgonjwa yuko na shemeji. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa mshtakiwa anastahili kuelewa hukumu yake, mke wa mgonjwa naye anastahili kuelewa namna ya kumlisha mumewe.

Tena kulisha huko si jambo dogo. Mgonjwa mwenye mpira puani akilishwa huku amelala chali, uji unaweza kurudi ukaingia mapafuni. Inatakiwa ainuliwe kichwa na kifua, na abaki hivyo kwa muda baada ya kula. Asiyeweza kujigeuza inafaa ageuzwe takribani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na atazamwe visigino na makalio kama pana wekundu usioondoka, maana ndipo vidonda vya kulalia vinapoanzia. Mikono na miguu ikunjwe na kunyooshwa ili viungo visikakamae. Hayo yote yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili chepesi katika muda wa kipindi kimoja cha darasani, na anayeelezwa akaonyesha kwa vitendo kwamba ameelewa. Shemeji alifundishwa na muuguzi wa zahanati yetu siku ya tisa. Kidonda cha mgongoni kilikuwa kimeshatoboka.

Lugha yetu inamwita muuguzi yule aliyesomea kazi hiyo miaka mitatu chuoni. Lakini mke, mama au binti aliye nyumbani naye tunasema anauguza, ni neno lile lile, na yeye hafundishwi hata saa moja.

Nimetaja binti kwa makusudi. Kaka ana mtoto wa kike aliye darasa la tano katika shule ninayofundisha. Mama mtu mmoja hawezi kumgeuza mwanamume peke yake, kwa hiyo mtoto ndiye alishika miguu. Saa nane za usiku anaamshwa, saa kumi anaamshwa tena, na saa moja asubuhi anatakiwa awe mstarini shuleni. Muhula ule daftari langu la mahudhurio lilionyesha siku 41 ambazo hakuja, na siku alizokuja alilala juu ya dawati. Nawaomba walimu wenzangu, hasa wenye mkono mwepesi wa fimbo, wamwulize kwanza mtoto wa namna hii nyumbani kuna nani mgonjwa. Mara nyingi utakuta ni msichana, kwani kaka zake huachwa waendelee na masomo.

Jambo jingine ni maneno ya watu. Kaka alikuwa na mwili wa mbeba magunia, lakini aliporudi hakuweza hata kusimama. Majirani wakasema amechezewa. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2013 kwamba msuli wa paja wa mgonjwa mahututi ulipungua kwa zaidi ya asilimia 15 katika siku 10 za kwanza tu. Usiku kaka alipiga kelele kwamba kuna watu wamemfunga mikono kitandani na kumziba mdomo. Mama akaamini ni mashetani, akauza mbuzi wawili kumlipa mganga. Kumbe wagonjwa wengi wa mashine huchanganyikiwa kwa ugonjwa na kwa dawa za usingizi, na wengine hufungwa mikono kwa kitambaa ili wasichomoe mipira. Aliyoyasema kaka yalikuwa na asili yake. Hakukuwa na mtu wa kutuambia.

Katika nchi za Skandinavia wauguzi wa vyumba hivyo wana desturi ya kumwandikia mgonjwa daftari: leo umewekewa mpira wa kupumulia, leo mkeo alikuja akakushika mkono. Akipona analisoma, na ndugu wanalisoma. Tafiti hazikubaliani zote juu ya kiasi cha faida yake, lakini gharama ni bei ya daftari la shule, na ndugu aliyekaa nje ya mlango siku 19 angeweza kuandika ukurasa wake mwenyewe.

Na huyo anayeuguza, nani anamtazama yeye? Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walichapisha taarifa iliyoyapa jina moja matatizo ya mwili, akili na moyo yanayobaki baada ya mtu kutoka chumba cha mahututi. Taarifa hiyo iliwahesabu ndugu pia, kwamba nao hupata wasiwasi, huzuni nzito na kukosa usingizi kwa miezi mingi. Nilipoisoma katika simu nilimwona shemeji. Mpaka leo kaka akikohoa usiku yeye huruka kitandani, kwa sababu kule hospitali mashine ikilia watu walikuwa wanakimbia. Genge lake la nyanya lilikufa. Ekari mbili za alizeti hazikupaliliwa. Amekonda kuliko mgonjwa, na wageni wakija husema, pole na mgonjwa, kisha huuliza habari za mgonjwa.

Wenye ajira nao hawana nafuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kama ilivyotungwa mwaka 2004, katika kifungu cha 34 iliweka likizo ya malipo isiyopungua siku nne kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto, na kwa ajili ya kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Msomaji aitazame vizuri. Mkeo akifa umewekewa siku zako. Akiwa hai na anahitaji kugeuzwa kila saa mbili, hakutajwa. Mimi nilisaidiwa na mwalimu mkuu kwa huruma yake tu, na wako wasio na mkuu wa namna hiyo.

Sisemi Serikali ijenge majumba mapya. Watu tunao tayari. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kufikisha wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wanaofundishwa miezi sita na kupangwa mpaka vitongojini. Naishauri Wizara inayohusika kwamba mgonjwa wa mahututi anapokaribia kuruhusiwa, hospitali ipige simu katika zahanati ya kijiji chake, na mhudumu wa kitongoji aende nyumbani ndani ya siku mbili za kwanza. Asimtazame mgonjwa peke yake. Amwulize anayeuguza amelala saa ngapi, na kama kuna mtoto aliyeacha shule. Na kabla ya mgonjwa kupandishwa gari, ndugu mmoja aketishwe pale wodini, aonyeshwe, arudie kwa mikono yake, kisha apewe karatasi ya Kiswahili ya kwenda nayo.

Ningependa wahusika wanijibu kupitia ukurasa huu huu. Hayo ya simu na wahudumu najua yanahitaji mipango, yanaweza kungoja bajeti. Lakini kuandika karatasi ya ruhusa kwa Kiswahili kunangoja nini?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Kongwa,
Dodoma.