Benki hazitujui, mpangaji anatujua

Niko Tanga. Kila nikikaa kijiweni Makorora nasikia wanachuo wakisema benki zikilegeza masharti na wao watajenga. Jamani, tusidanganyane.

Sheria ya mikopo ya nyumba ilipita 2008, na 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki ili nazo zikopeshe watu kwa miaka mingi. Poa. Lakini dirishani wanataka hati na mshahara unaopita kwao. Wewe una boom la Bodi ya Mikopo na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Utarudi na fomu yako.

Sasa pita Ngamiani, barabara yoyote. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, jiko na choo uani. Mwenye nyumba kalala chumba kimoja, vingine kapangisha. Bibi zetu walijua zamani!

Mimi na kaka tumeachiwa na marehemu baba boma la vyumba vinne kule Pongwe. Hesabu yangu: za bati nipate kwenye kibati, tupaue viwili, tulale kimoja, kimoja tupangishe. Tuseme elfu 30 kwa mwezi, miezi sita mbele ni 180,000. Hiyo inaingia kwenye chumba cha tatu. Mpangaji mwingine anakubali kuweka mlango na plasta mwenyewe, akatwe kwenye kodi. Huo ni mkopo usio na riba, ila muandikishane mbele ya mjumbe, la sivyo kila mtu atahesabu miezi yake.

Lakini hiyo miezi sita anaitoa nani? Kijana mwenzangu, tena kakopa. Akihama mwezi wa pili, pesa yake imeshakuwa ukuta, namrudishia nini? Hapo ndipo naposhindwa kulala.

Kaka yeye anataka tuuze boma anunue bodaboda. Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta toka Hoima liwekwe Chongoleani 2017, madalali wanamjaza maneno. Kasahau mirathi haijafunguliwa. Bila msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, atauza nini?

Jumamosi tunakaa kikao kwa shangazi. Mliowahi kupangisha boma, mpangaji akihama kabla ya muda mlimalizana naye vipi? Naomba kuwasilisha.