Zama, Zamisha, Zamia: Merikebu za Chini ya Bahari na Deni la Wanakiswahili

Wahenga wa pwani walinena kwamba usisafirie nyota ya mwenzio. Methali hii hufundishwa hata Kabazi, huko Subukia katika Kaunti ya Nakuru, mamia ya kilomita kutoka baharini. Mwanafunzi wa Kabazi hukariri omo na tezi, kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, aghalabu kabla hajaionja chumvi ya bahari yenyewe. Lakini akiuliza swali jepesi, kwamba chini ya bahari hiyo kuna nini, mwalimu wake hulazimika kumtafutia jibu katika kitabu cha Kiingereza. Makala haya yanashikilia kuwa hali hiyo haitokani na uhaba wa maneno. Inatokana na uzembe wa wasomi wa Kiswahili, ambao wameikomesha bahari yao kwenye uso wa maji.

Mfano ulio karibu ni wa meli ya Dania. Meli hiyo, yenye urefu wa takriban mita 75, ilitumika zamani kusafirisha mifugo. Mwaka 2002 ilizamishwa kwa makusudi karibu na Bamburi, Mombasa, katika kina cha mita 30 hivi, ili iwe mwamba bandia. Mwaka huohuo meli ya uvuvi iitwayo Alpha Funguo ilizamishwa upande wa Diani. Chuma kitupu kikikaa majini hushikwa na mwani na chaza, kisha matumbawe, kisha samaki wadogo wanaotafuta maficho, na hatimaye wakubwa wanaowawinda wadogo. Meli iliyozoea kubeba ng'ombe sasa inafuga samaki.

Kwingineko duniani, meli zinazochaguliwa kwa kazi hii mara nyingi ni manowari zilizostaafu. Nchini Afrika Kusini, manowari SAS Pietermaritzburg, ambayo mwaka 1944 ilitegua mabomu ya baharini kabla ya majeshi kutua Normandy, ilizamishwa karibu na Simon's Town mwaka 1994. Marekani ilizamisha Oriskany, meli ya kubebea ndege za kivita, mwaka 2006. Inafaa kukumbuka kwamba hata neno manowari ni mgeni aliyepewa uraia: lilitoholewa kutoka Kiingereza, na leo hakuna anayelishuku. Lugha iliyoweza kuipokea manowari ikiwa juu ya maji haishindwi kuifuata chini.

Tazama mnyambuliko wa kitenzi kimoja tu. Chombo huzama, mtu hukizamisha, mwingine hukizamia. Mzamiaji alikuwepo katika Kiswahili kabla ya mitungi ya hewa kubuniwa, na vijiwe vya bandarini vimempa maana ya pili, yaani anayejificha melini ili asafiri bila nauli. Hata hivyo, utajiri huu una mtego wake. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Uingereza iitwayo Pegasus ilikuwa Unguja ikitengenezwa mitambo yake iliposhambuliwa na Königsberg ya Wajerumani. Ilizamishwa, na mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Dania nayo ilizamishwa. Kauli ni ileile, lakini moja ni kaburi na nyingine ni bustani. Kisha ipo Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isitekwe, ikaopolewa mwaka 1924 na kurejea kazini mwaka 1927. Hiyo ilikuwa amana. Anayezamia Pegasus hana budi kuingia kwa adabu ya mtu anayeingia makaburini. Ni nani atakayemwambia hayo, na kwa istilahi zipi, ikiwa wanaisimu hawajatofautisha uzamishaji wa vita, wa hifadhi na wa hila?

Wapo wanaodai kuwa sayansi ya uzamiaji haisemeki kwa Kiswahili. Dai hili halina mashiko. Katika kila mita 10 za kina, maji huongeza kanieneo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 30, ambazo mvuvi angezihesabu kuwa pima 16 na ushei, mzamiaji hubanwa mara nne kuliko aliye ufukweni, na mtungi wake huisha mara nne upesi. Rangi nyekundu hutoweka mapema, hata damu ikaonekana kama maji ya majani. Naitrojeni iliyojipenyeza mwilini humlevya. Na akipanda kwa pupa, hutoka damuni mfano wa povu la soda iliyofunguliwa ghafla, ikamlemaza au kumuua. Kuhusu wakati wa kuzamia, nahodha wa ngalawa alikwisha kusema: kaskazi maji hutulia, kusi huchafuka, bamvua mkondo huwa mkali, maji mafu hulegea.

Wengine watauliza haya yanamfaa nini mkulima wa Kabazi, au hata mvuvi, ilhali uzamiaji ni burudani ya watalii. Hapa ndipo penye uzito wa suala. Kuzamisha meli ni uamuzi wa umma. Meli isiposafishwa mafuta, rangi na nyaya zenye sumu, inageuka jaa la chuma. Ikitupwa mahali pasipofaa, hunasa nyavu. Isitoshe, wanasayansi wangali wanajadili iwapo mwamba bandia huongeza samaki au huwakusanya tu mahali pamoja ili wavuliwe kwa urahisi zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kuyasimamia mazingira. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Manowari za Kenya nazo zitazeeka. Siku itakapopendekezwa kuizamisha mojawapo, ripoti ikiwa ya Kiingereza pekee, mvuvi wa Diani atakuwa ameitwa mkutanoni kushuhudia, si kushauri. Na mlipa kodi wa Kabazi, mwenye haki ileile juu ya manowari hiyo, hatajua hata kilichojadiliwa.

Kwa hivyo, idara za Kiswahili ziache kungoja istilahi zitafsiriwe kutoka vitabu vya kigeni. Wanafunzi wa uzamili watumwe Bamburi, Diani, Wasini na Unguja wakakusanye msamiati wa wavuvi na wa vijana wanaowaongoza watalii majini, ambao kila siku hueleza mambo haya kwa Kiswahili bila kuandikwa popote. Waandishi nao watunge makala na hadithi za kina hicho, ili swali la mtoto wa Kabazi lipate jibu katika lugha anayoitahiniwa. Nyota ya kusafiria tunayo. Kinachokosekana ni nahodha aliye tayari kutweka tanga.