TAHARIRI: Majina yatangulie sanamu Masisi na Walikale

Kila ifikapo Agosti 2, viongozi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huwakumbuka raia waliouawa katika vita vya miaka thelathini iliyopita. Siku hiyo ilitengwa na sheria ya Desemba 26, 2022, na Wakongo wameipa jina Genocost, yaani mauaji yaliyofanywa kwa ajili ya faida. Tarehe ilichaguliwa kwa sababu vita vya pili vya Kongo vilianza Agosti 2, 1998.

Huko Walikale tarehe hiyo ina uzito wa pili ambao hautajwi sana kwenye hotuba. Mnamo Julai 30, 2010, wapiganaji wa makundi matatu yaliyoungana waliingia katika vijiji vilivyo kando ya barabara ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi kikiwamo. Waliondoka Agosti 2. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu 387 waliobakwa katika vijiji 13: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23 na wavulana tisa. Kambi ya walinda amani haikuwa mbali.

Sasa nchi inazungumzia kujenga minara ya kumbukumbu. Mfuko wa taifa wa fidia kwa wahanga, FONAREV, ulioundwa na sheria hiyohiyo ya 2022, una jukumu la kuhifadhi kumbukumbu pamoja na kulipa fidia. Ni jambo jema na limechelewa. Lakini kwa Masisi na Walikale kuna hatari kwamba kazi itaanzia mwisho, kwa saruji na shaba na utepe wa kukatwa na waziri, kabla ya kujulikana ni nani hasa anayekumbukwa.

Mkongo akiombwa kutaja mnara, atataja ule wa Lumumba pale Limete, Kinshasa. Mkazi wa Kivu ataongeza chukudu ya Goma, sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma baiskeli ya mbao katikati ya mzunguko wa barabara. Ni sanamu nzuri, na ni miongoni mwa chache nchini zisizomtukuza rais wala jenerali. Viazi, maharagwe na makaa ambayo chukudu huteremsha mjini hutoka mashambani, mengi yake Masisi na Rutshuru. Kwa maneno mengine, mtu wa Masisi tayari ana sanamu, ila amesimamishwa Goma, anapopigwa picha na wageni.

Ukitoka Sake kupanda Masisi, maandishi unayokutana nayo zaidi kando ya njia ni vibao vya mashirika ya misaada. Kibao hukueleza nani alilipia kisima au zahanati, na mwaka gani. Mara nyingi kisima kimekauka na kibao bado kinang'aa. Kuna pia misalaba ya misheni na bendera mbele ya ofisi za serikali, bendera ambazo siku hizi hubadilika kutegemea nani ameamka na mji.

Si kwamba watu wa huko hawana sanaa. Wanyanga wa Walikale wana utendi wa Mwindo, mojawapo ya tendi kubwa za Afrika, ambao Mbelgiji Daniel Biebuyck aliurekodi mwaka 1956 kutoka kwa msimulizi Candi Rureke, aliyeuimba na kuucheza kwa siku kumi na mbili. Walega, ambao baadhi yao wanaishi Walikale, walichonga vinyago vidogo vya pembe na mbao kwa ajili ya chama chao cha Bwami. Vinyago hivyo havikuwekwa uwanjani. Vilifunuliwa kwa wanaohusika, vikaelezwa kwa methali, kisha vikafichwa tena. Vingi leo viko makumbusho ya Ulaya, Tervuren ikiwamo, ndani ya vioo, mahali ambapo kila mtu anaviona na wachache wanajua vilikuwa vinasema nini.

Mtu wa shaba juu ya jiwe ni desturi iliyokuja na ukoloni, na Kongo haijawahi kupatana nayo vizuri. Mwezi Februari 2005 sanamu ya Mfalme Leopold wa Pili ilirudishwa katikati ya Kinshasa kwa amri ya waziri wa utamaduni. Ilikaa saa chache tu ikaondolewa. Hakuna aliyeulizwa kabla haijasimamishwa, na hakuna aliyeelezwa vizuri ilipoondolewa.

Kosa kama hilo likifanyika Masisi halitaishia kwenye kicheko.

Chukua Ntoto. Machi 20, 1993, wanamgambo walishambulia watu sokoni katika kijiji hicho cha Walikale. Waliouawa walikuwa Wahutu. Hilo ndilo tukio linalohesabiwa kama mwanzo wa vita vilivyosambaa hadi Masisi, na limo katika orodha ya matukio 617 katika ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyochapishwa Oktoba 1, 2010, kuhusu maovu ya tangu Machi 1993 hadi Juni 2003. Lakini baada ya Ntoto vilifuata visasi, na wakulima Wahunde na Wanyanga nao waliuawa, nyumba zao zikachomwa, ardhi yao ikachukuliwa. Mei 1996 ikawa zamu ya Mokoto, Masisi, ambako Watutsi waliokuwa wamekimbilia kwa watawa wa monasteri waliuawa.

Kila jamii ina tarehe yake. Kwa wengine historia inaanza 1937, serikali ya Ubelgiji ilipoanza kuhamishia Masisi familia kutoka Rwanda kwa mpango uliodumu hadi 1955, bila wenye ardhi kuulizwa kwa namna ya maana. Kwa wengine inaanza 1993 sokoni Ntoto, na kwa wengine 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka wakiwa pamoja na wauaji wao. Sheria ya Genocost imechagua 1998 kuwa siku ya kitaifa. Mnara ukichorwa tarehe moja tu, umeshatoa hukumu kuhusu nani alianza. Na katika teritware hizi mbili, swali la nani alianza ndilo ambalo kila kundi lenye silaha hulitumia kuandikisha vijana.

Ndiyo maana majina yanapaswa kutangulia. Jina la mtu, kijiji chake, umri wake, siku aliyouawa. Jina halisemi nani alianza. Mama wa Kihutu aliyekufa sokoni na mzee wa Kihunde aliyekufa shambani kwake wanaweza kukaa ukurasa mmoja hata kama wajukuu wao bado hawawezi kukaa baraza moja. Orodha kama hiyo ni kazi ngumu kuliko kuchonga sanamu, kwani inadai kwenda kijiji kwa kijiji, kusikiliza watu wanaotofautiana, na kuandika pia wale ambao jirani angependa wasahaulike. Na haina muda mwingi. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya Ntoto sasa amepita 50. Wazee walioshuhudia mengi tayari wamezikwa, baadhi yao katika kambi za wakimbizi mbali na kwao.

Wapo watakaosema kwamba huu si wakati wake. Rubaya, kwenye migodi ya koltani, ilitekwa na M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Masisi mjini ilianguka Januari 2025, wiki tatu hivi kabla ya Goma. Walikale mjini ilichukuliwa Machi mwaka huohuo, kisha waasi wakaondoka wiki mbili hivi baadaye. Watu wanahitaji usalama, mbegu na dawa, na hakuna mwenye akili timamu atakayewaambia wasubiri hayo kwa ajili ya jiwe. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu minara. Kuhusu majina si ya kweli. Kuandika hakugharimu kama kujenga, na kila mapigano mapya yanaongeza orodha huku yakiwafukuza wanaoikumbuka ile ya zamani.

Isitoshe, hali hiyo ya kijeshi ndiyo sababu hasa ya kuzuia sanamu kwa sasa. Anayeshika mji huwa na hamu ya kuupamba kwa mashujaa wake. Waasi wana wafu wao wa kutukuza, Wazalendo wana wao, jeshi la serikali lina lake. Pasiwepo mnara wa kamanda yeyote Masisi wala Walikale, wa upande wowote, katika uwanja wa umma. Kumbukumbu za Walikale zinatosha kueleza kwa nini. Ntabo Ntaberi Sheka, ambaye kundi lake lilikuwa mojawapo ya yale matatu yaliyoshambulia Luvungi, aligombea ubunge mwaka 2011 huku hati ya kumkamata ikiwa imeshatolewa. Alijisalimisha 2017, na mahakama ya kijeshi ya Goma ikamhukumu kifungo cha maisha Novemba 2020. Mwaka wa uchaguzi ule wapo waliomwona shujaa. Laiti pangekuwa na fundi na saruji, huenda angekuwa na sanamu.

Kenya inatoa mfano unaofaa kutazamwa, ingawa hali zake ni tofauti. Waathiriwa wa kambi za enzi ya Mau Mau waliishtaki Uingereza, na mwaka 2013 serikali hiyo ikakiri kwamba waliteswa, ikaeleza majuto yake na kukubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Mnara katika bustani ya Uhuru, Nairobi, ulizinduliwa baadaye, Septemba 2015. Unamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, kila mmoja akitazama kando ili asimtambue mwenzake. Picha hiyo inaeleweka na mtu yeyote aliyeishi kijijini wakati wa vita, na ilikuja baada ya watu kuhesabiwa, kusikilizwa na kulipwa.

Kuhusu Luvungi, majina hayafai kuandikwa. Mtu aliyeuawa anaweza kutajwa. Mwanamke aliyebakwa na bado anauza mihogo sokoni hapaswi kuamka akakuta jina lake kwenye ukuta kwa sababu ofisi fulani ilitaka kumheshimu. Watoto wake wanasoma. Mume wake, kama alibaki, ana majirani. Wanawake wa barabara ya Kibua na Mpofi waulizwe wao wenyewe, kwa faragha, wakiwa peke yao, wanataka nini kisimame pale, na kama wanataka chochote kisimame. Wakijibu kwamba wanataka wodi ya uzazi yenye umeme, hiyo ndiyo iwe kumbukumbu yao, na isiwe na kibao kinachoeleza sababu. Wakijibu kwamba hawataki kitu, jibu hilo nalo liheshimiwe.

Fedha haziwezi kuwa kisingizio. Mfuko wa fidia hupata asilimia 11 ya mrahaba wa madini unaolipwa nchini. Walikale ndiko uliko mgodi wa Bisie, mmoja wa migodi mikubwa ya bati duniani. Watu wanaoishi juu ya madini hayo wana haki ya kuona sehemu ndogo ya mrahaba ikirudi kulipa waandishi wa orodha, nauli za pikipiki, wakalimani wa Kinyanga, Kihunde, Kilega na Kinyarwanda, na wanasaikolojia watakaokaa na wanaosimulia. Hesabu za kazi hiyo zitangazwe redioni, kwa Kiswahili, teritware kwa teritware. Wananchi wa Kivu wamechoka kusikia jumla za mamilioni zinazosomwa Kinshasa.

Na siku ya kujenga itakapofika, wasanii wasiagizwe kutoka mbali. Goma ina wachoraji waliokulia katika vituo kama Yole!Africa na Foyer Culturel, vijana ambao wamepaka kuta za mji huo kwa miaka mingi bila kungoja kandarasi. Milima ina mafundi wanaochonga chukudu kwa panga na shoka, ikabeba mzigo mzito kuliko aliyeitengeneza. Mtu kama huyo anajua mti upi unadumu mvuani. Wapewe kazi wao, na wazee wawaambie hadithi.

Huenda hadithi ya kuanzia ikawa ya Mwindo mwenyewe. Baba yake, Shemwindo, anajaribu kumuua tangu azaliwe, kisha anamkimbia hadi chini ya ardhi. Mwindo anamfuata, anamrudisha nyumbani, na baba anakiri kosa lake mbele ya watu wote wa Tubondo kabla ufalme haujagawanywa. Hakuna sanamu katika tukio hilo. Kuna mkutano wa hadhara, na kila mtu anasikia.

Serikali ya mkoa, mabaraza ya baami, makanisa na mashirika ya kiraia wana uwezo wa kuanza sasa hivi, kila mmoja upande alioko. Parokia na shule zina madaftari na watu wanaojua kuandika. Kila kijiji kiwe na daftari mbili zinazofanana, zikishikwa na watu wa jamii tofauti, na nakala ya tatu ipelekwe nje ya eneo la vita, mahali ambapo hakuna kundi litakaloichoma. Ntoto ingefaa kuwa ya kwanza, siku ya soko, watu wa pande zote wanapokuwapo.