Bakapu ya halmashauri yako, nani amewahi kuifungua?

DIRISHA LA KATAVI
Na Fortunata Kasimba

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina heliamu inayokadiriwa kufikia futi za ujazo bilioni 54. Wengi waliwapongeza wanasayansi. Mimi nampongeza mtunza kanda. Gesi ya chemchemi ilipimwa upya, lakini picha za miamba ya chini zilitokana na mitetemo iliyopimwa na Amoco miaka ya 1980, ilipotafuta mafuta kwenye bonde la Ziwa Rukwa, tunalopakana nalo Katavi upande wa Mpimbwe. Amoco ilichimba visima vya Ivuna na Galula mwaka 1987, haikupata mafuta, ikaondoka. Data zikabaki.

Enzi hizo mitetemo ilirekodiwa kwenye kanda za sumaku. Kompyuta kubwa za IBM zilikuwa na namna yake ya kuandika herufi, EBCDIC. Ukifungua kanda ya aina hiyo kwenye Linux au Windows bila kuigeuza, jina la kisima linatoka kama matusi ya lugha usiyoijua. Dawa yake ipo, kwa sababu wanajiofizikia walichapisha hadharani mpangilio wao wa SEG-Y mwaka 1975, baiti kwa baiti. Fundi akiupata mpangilio huo anaandika programu yake, anasoma, bila kumpigia mtu magoti.

Sasa tuje ofisini. Seva za Windows za mwaka 2003 zilikuja na programu ya NTBackup. Ilipotoka Windows Server 2008, programu hiyo haikuwemo, na Microsoft ikabidi itoe zana ya pembeni ya kurejesha mafaili ya zamani. Hapo hata hujavuka kwenda mfumo mwingine! Faili la bakapu la tar ya Unix, ya mwaka 1979, linafunguka mpaka leo. Mashine za kusomea kanda nazo zina maringo: kanda ya bakapu ya LTO-6 haisomeki kwenye mashine ya LTO-8.

Katavi ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na makao yetu makuu kabla ya hapo yalikuwa Sumbawanga. Tukimegwa tena (wanasiasa hawachoki kumega), jalada la kiwanja chako litategemea kama mfumo wa ofisi mpya unaielewa kanda ya ofisi ya zamani. Sheria ya mwaka 2002 ya kumbukumbu na nyaraka inambebesha mkuu wa ofisi ya umma wajibu wa kuzitunza. Kwangu mimi, kanda isiyosomeka haijatunzwa, hata ikifungiwa kwenye kasiki.

Kwa hiyo madiwani, kabla ya kupitisha malipo ya mkandarasi wa TEHAMA, chagueni wenyewe faili moja la miaka kumi iliyopita. Afisa TEHAMA alirejeshe mbele ya kamati ya fedha, kwenye kompyuta yenye mfumo tofauti na ule uliolihifadhi, mkandarasi akiwa amekaa pembeni bila kugusa kitu.