Kabla ya kushika mikro, msemaji apime maneno yake

Likasi haikosi wasemaji. Kikula, Panda, Shituru, kila komine ina mikutano yake: mkubwa wa kartiye anasema, mwanasiasa anasema, mchungaji anasema, msimamizi wa wakimbizi wa ndani naye anasema. Shida ni kwamba wengi wanashika mikro bila kujua watu watabeba neno gani kurudi nalo nyumbani. Wanahesabu makofi. Lakini hotuba inapimwa kwa yale watu wanayofanya wakiisha kutawanyika.

Mji huu unalijua jambo hilo kwa uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Katanga ingali ikiitwa Shaba, gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza alijulikana kuwa msemaji hodari wa mikutano ya hadhara. Katika siasa ya siku zile, watu wenye asili ya Kasai walibebeshwa lawama ya taabu zote za jimbo, wakaitwa bilulu, maana yake wadudu. Mwezi wa 8 mwaka wa 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu pahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Baada ya hapo Likasi iliwaka. Nyumba ziliporwa na kuchomwa, watu wakauawa. Makumi ya maelfu walikimbilia gare na shule, wakalala huko wakingojea gari la moshi la kuwapeleka Kasai. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa, wana na wajukuu wa wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines.

Kuna wanaosema kwamba maneno ni upepo tu, na kwamba ukosefu wa kazi na siasa ya Kinshasa ndivyo vilivyoleta fujo. Kweli, njaa ilikuwepo. Lakini njaa haijui nyumba ya jirani. Hotuba ndizo zilizoonyesha mlango wa kuvunja.

Hotuba kali inaweza kusemwa bila kutoa jirani kafara. Tarehe 30 Juni 1960, Patrice Lumumba hakuwa kwenye orodha ya wasemaji, lakini alikuja na karatasi yake, na akaendelea kuirekebisha wakati wengine wakisema. Mfalme Baudouin alikuwa mbele yake, ila Lumumba aliwasemesha Wakongo, wanaume kwa wanawake. Alitaja mateso ya ukoloni bila kuficha. Na kabla ya kumaliza aliomba wote wasahau magomvi ya kikabila, waheshimu uhai na mali ya raia wenzao na ya wageni. Aliwaambia waziwazi la kufanya.

Mkubwa wa kartiye hahitaji kuwa Lumumba. Anahitaji karatasi moja na saa moja ya kufikiri. Aandike kwanza ni nani watakaokuwa mbele yake: wenyeji, familia zilizokimbia vita, mama waliotoka sokoni. Aandike neno lake kuu kwa sentensi moja. Likikataa kuingia, bado hajalijua. Familia iliyokimbia haiji kusikia sifa za wakubwa: inataka kujua wapi pa kuandikisha majina, siku gani, kwa nani. Hayo yasemwe mwanzoni na yarudiwe mwishoni, kwa Kiswahili cha Likasi, na pale inapofaa mtu atafsiri kwa Kiluba au Tshiluba.

Kisha afute kila sentensi inayolaumu kabila zima. Kama mtu ameiba, mwizi ni yule mtu, na kazi ni ya polisi. Kipimo ni rahisi: je, angeweza kusema sentensi hiyo huku akimtazama machoni mama wa kabila lile, amesimama mstari wa mbele na mtoto mgongoni? Usiku wake aisome kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani. Ikipita dakika kumi, apunguze, maana watu watasimama kwenye jua. Akimaliza, aache nafasi ya maulizo.

Na wasikilizaji wana kazi yao. Msemaji akiita majirani wadudu, wasimpigie makofi. Kunyamaza kwa mkutano mzima kunamfundisha haraka kuliko barua ya malalamiko.