KUKANDA MWANAFUNZI SI KUMDEKEZA



Mchuma chai wa Teza akirudi jioni na mgongo umeuma kwa kikapu, hakuna anayemcheka akikandwa kwa maji ya moto. Lakini mtoto wetu aliyepata nafasi chuo kikuu pale Mutanga, mitihani ikikaribia, halali, moyo unamwenda mbio, chakula hakipiti, nasi twasema ni mvivu, au karogwa. Kwa nini mtu wa jembe awe na haki ya kuchoka na mtu wa kalamu asiwe nayo?

Wasiwasi hukaa mwilini. Shingo inakaza, pumzi inakuwa fupi, taya zinabanana. Kijana wa jirani yangu hapa Buyenzi alikuwa hivyo mwaka jana. Mama yake akawa anamkanda mabega na mgongo kila usiku, polepole, kwa mafuta ya kujipaka, usingizi ukarudi. Wapo waliosema hayo ni mambo ya akina mama tu. Lakini mwaka 2004 wataalamu wa Marekani, Christopher Moyer na wenzake, walikusanya matokeo ya tafiti 37 juu ya kukanda mwili. Waliona kwamba hata kukandwa mara moja hupunguza wasiwasi wa saa ile na kutuliza mapigo ya moyo. Basi yule mama hakukosea.

Hata hivyo kijana yule hakuogopa mtihani peke yake. Mwaka 2017 serikali iliamua fedha ya mwanafunzi wa chuo kikuu isiwe msaada tena bali mkopo, na mkopo hulipwa. Baba yake ni kibarua. Mtoto anayelala na njaa huku akihesabu deni, utamkanda mpaka lini? Wajumbe wetu wakikaa mezani kudai mishahara, na waseme pia juu ya watoto wanaosoma. Mshahara usiofika mwisho wa mwezi ndio unaomkosesha mwanafunzi usingizi.

Tena wako wakandaji wanaodai pesa nyingi wakiahidi kuondoa wasiwasi kabisa. Msiwape. Mtoto asiyelala kwa majuma, au anayesema heri afe, apelekwe kwa waganga wa kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, wala si aibu.

Wengine, usiku huu, wakandeni mabega. Maswali ya alama yangoje mpaka kesho.